Vidole vya Nawoi

Siku ya kwanza Zéphyrin alimkemea. Alikuwa ameketi mlangoni pake, Kakuma Tatu, ndani ya kambi, akipiga mswaki, alipomwona msichana wa Kiturkana akishuka njia na gunia la makaa kichwani, mbiombio kana kwamba amebeba kikapu kitupu. Akamwambia atavunjika shingo. Msichana akajibu bila kusimama kwamba akienda polepole ndipo gunia linazidi uzito.

Zéphyrin alikuwa mwalimu wa michezo Uvira, kule Kongo, kabla vita havijamleta Kenya, na miaka kumi na mitatu ya kambi haikuwa imemtoa ualimu mwilini. Alimfuata kwa macho hadi alipokata kona. Kesho yake akamngoja njiani, akamuuliza jina, umri, na kama alimaliza shule. Jina lake Nawoi, umri miaka ishirini na miwili, na kidato cha nne alikimaliza kwa alama zilizotosha kuomba kazi ya polisi na zisizotosha kuomba kingine chochote.

"Basi acha kukimbia na makaa," Zéphyrin alimwambia. "Kuya kesho asubui, ukimbie bila kitu."

Kila alfajiri Zéphyrin alikuwa akikimbiza vijana kwenye mchanga wa Tarach, ule mto unaopita Kakuma na ambao karibu mwaka mzima hauna tone la maji. Wengi walikuwa watoto wa kambini waliotaka mpira. Lakini tangu redio ilipotangaza kwamba polisi wataandika makurutu baada ya miaka mitatu ya kimya, wenyeji wa Kakuma mjini nao walianza kuja, mmoja mmoja, wakiwa na aibu kidogo ya kufundishwa na mkimbizi. Zéphyrin hakuwatoza chochote. Alipenda kusema kwamba anawafundisha askari watakaomsimamisha barabarani kumuuliza ruhusa ya kusafiri, na angalau watamkimbiza vizuri. Vijana walicheka. Yeye hakucheka sana.

Mazoezi yake hayakuwa ya mchezo. Walianza saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijaanza kuchoma, wakakimbia mchangani hadi goti linatetemeka, kisha wakapanda ukingoni na kukimbia kwenye barabara ngumu, ili miguu ione barabara ni rahisi. Walipiga pushapu kwa ngumi, si kwa viganja. Nawoi alimbeba mgongoni Aukot, kijana wa jirani yao aliyekuwa na miguu mirefu na uvivu mrefu zaidi, mita mia kwenda na mita mia kurudi, na Aukot akambeba yeye. Miiba ya ule mti wa mathenge ilipita kwenye soli za raba zake kama sindano kwenye kitambaa. Jioni mama yake, Akiru, alimtoa miiba kwa pini ya nguo, akishikilia unyayo wake mapajani kama wakati alipokuwa mtoto.

Zéphyrin aliwapima urefu kwenye mwimo wa mlango wake. Aliwafungulisha midomo akahesabu meno, kwa sababu alisikia mwenye pengo hurudishwa. Halafu akadai karatasi. Aukot alikuwa na kitambulisho. Nawoi alikuwa na kile kikaratasi wanachopewa wanaosubiri kitambulisho, amekikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na tarehe yake ilikuwa ya miaka minne iliyopita. Kila alipokwenda kuulizia aliambiwa maneno yale yale: hakijafika, rudi baada ya mwezi. Alikuwa amezoea.

Zéphyrin alikigeuza kile kikaratasi mara mbili tatu. Mambo ya mbio aliyajua kwa kusomea, lakini mambo ya karatasi aliyajua kwa kuishi.

"Miaka ine ni mingi," alisema, akamrudishia.

Nawoi alidhani ni ucheleweshaji tu. Au tuseme ndivyo alivyotaka kudhani.

* * *

Mwaka ule waombaji wote wa pande zile waliitwa Lodwar. Nawoi na Aukot walisafiri siku moja kabla, wakalala kwa shangazi ya Aukot, na asubuhi walikuta uwanja umejaa hadi nje ya ukuta. Kwa kuwa watu walikuwa wengi mno, wasajili waliamua kuanza na mbio ili wapunguze, kisha ndipo wakague karatasi za waliobaki. Kilomita tano, kutoka uwanjani kuelekea daraja la Turkwel na kurudi.

Wasichana walipita mia mbili. Nawoi alianza nyuma kama alivyofundishwa, akawaacha wenye pupa wajimalize kwenye kilomita ya kwanza. Kwenye lami aliona miguu yake haina uzito. Walipogeuka darajani alikuwa wa tisa. Karibu na soko alikuwa wa tatu, akasikia wanawake wa mboga wakipiga vigelegele kwa sababu walimjua kwa shanga za shingoni kwamba ni wa nyumbani. Aliingia uwanjani peke yake. Aliyemfuata alikuwa bado hajaonekana getini.

Inspekta mmoja aliyeitwa Sellah, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimwandika namba moja mkononi kwa kalamu ya wino mzito, akamuuliza nani alimfundisha. Nawoi alisema ni mwalimu wa Kakuma. Sellah alimpima urefu, akamtazama meno, akampeleka mwenyewe hadi meza ya karatasi, mkono begani, kama mtu anayempeleka binti yake kwa wageni.

Mezani alikuwepo karani wa ofisi ya vitambulisho aitwaye Cornelius, na kompyuta yake, na kile kidude cha kioo cha kusomea vidole. Alikipokea kikaratasi cha Nawoi, akaingiza namba. Akangoja. Akamwambia aweke vidole vinne kwenye kioo, halafu gumba, halafu mkono wa pili. Akangoja tena. Kisha akaigeuza kompyuta kidogo ili Sellah aone, na Nawoi akaona pia.

Palikuwa na picha ya mtoto wa kike amenyolewa kichwa, macho yametoka. Alikuwa ni yeye. Chini ya picha jina lilikuwa Nyawech.

"Vidole hivi ni vya mkimbizi," Cornelius alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini hakushusha sauti. "Msudani Kusini. Ameandikishwa Kakuma akiwa na miaka minane."

Sellah alisema lazima kuna makosa, msichana ni Mturkana, hata mtoto angeona. Cornelius akajibu kwamba kompyuta haioni sura, inaona vidole. Nyuma ya Nawoi foleni ilikuwa imesikia. Mvulana mmoja akasema, kumbe mkimbizi, si ndiyo maana anakimbia hivyo, na kicheko kikapita kwenye mstari hadi mwisho.

Sellah aliondoa mkono begani mwake. Hakuuondoa kwa hasira. Alihitaji kushika karatasi ya anayefuata. Cornelius alimwambia Nawoi aje ofisini Jumatatu amweleze njia, kama ipo. Nawoi alitoka uwanjani akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka jioni, namba moja bado ikiwa mkononi. Aukot aliyemaliza wa thelathini na kitu kwa wavulana alichaguliwa. Alitoka akiwa ameshika barua kwa mikono miwili, akamwona, akaificha ndani ya shati, na Nawoi alimchukia kwa hilo kuliko kama angeirusha hewani.

* * *

Si kwamba alikuwa hajui kabisa. Njiani kurudi Kakuma, kifua kimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Probox, alikumbuka biskuti. Alikumbuka chumba chenye feni, mwanamume mwenye kofia ya buluu akimshika kidole kimoja kimoja na kukibonyeza kwenye kioo baridi, na biskuti aliyopewa baadaye. Alikumbuka ameambiwa akiitwa Nyawech aitike. Alikuwa ameuchukulia kama mchezo, na baadaye akaacha kuufikiria, kwa vile haukuwa na maana yoyote shuleni wala nyumbani.

Akiru alikuwa akisuka mkeka alipofika. Nawoi hakumsalimu. Alimuuliza Nyawech ni nani.

Mama aliendelea kusuka hadi mwisho wa mstari, kisha akasimulia yote bila kuficha. Ilikuwa mwaka ule wa ukame mkubwa. Mbuzi walikwisha. Mdogo wake Nawoi, Ekal, alikufa mwezi wa tatu, na watoto waliobaki walikuwa wanalala mchana kutwa kwa kukosa nguvu. Huko kambini alikuwako mwanamke wa Kinuer ambaye Akiru alikuwa akimpelekea kuni, Mama Riek, mjane. Binti yake Nyawech alikuwa amekufa kwa homa, na kabla hajaweza hata kulia vizuri ikatangazwa hesabu mpya: kila aliye kwenye kadi ya rasheni aletwe mwenyewe, aweke vidole, asiyeletwa afutwe. Mwanamke mmoja alihitaji mtoto wa miaka minane, na mwingine alihitaji chakula. Wakakubaliana. Nawoi aliweka vidole vya Nyawech, na kila siku ya mgao Mama Riek alipima sehemu ya Nyawech, mahindi, maharagwe na mafuta, akamkabidhi Akiru, miaka mitano, bila kukosa hata mara moja.

"Mliniuza," Nawoi alisema.

"Tulikulisha."

"Sina kitambulisho, mama. Mimi si mtu wa Kenya. Kwenye kompyuta mimi si mtoto wako."

"Mwaka ule mimi nilikuwa na kitambulisho," Akiru alisema. "Hakikuliwa."

Akarudi kwenye mkeka wake.

Jumatatu Nawoi alikuwa Lodwar mlangoni pa Cornelius kabla hajafungua. Cornelius alikuwa mtu mwenye haraka na asiyependa kudanganya. Alimweleza kwamba njia ipo, na watu wa hapa wenye tatizo kama lake si wachache. Alete barua ya chifu, mama yake aje kama shahidi, na wale kiapo mbele ya wakili wakieleza ni nani aliyemwandikisha, kwa kadi namba gani, na mwenye kadi ni nani. Nawoi akauliza kama jina la mwenye kadi ni lazima. Cornelius akasema bila jina hilo faili haliondoki mezani pake. Nawoi alitaka kuuliza mwenye kadi atafanywa nini, lakini Cornelius alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

* * *

Mama Riek alimpokea kama mtoto wake. Alikuwa mrefu, amepinda mgongo, na mistari ya Kinuer kwenye paji la uso. Alimkalisha kwenye kitanda, akamtengenezea chai ya rangi, akamuuliza kuhusu mama yake, akamuuliza kuhusu mbio, maana habari za msichana aliyewashinda wote Lodwar zilikuwa zimefika mpaka huku. Ndani ya nyumba ile walikuwamo yeye, mwanawe Riek aliyekuwa kidato cha nne, na wajukuu wawili wadogo walioachwa na binti mkubwa.

Nawoi alimweleza shida yake. Mama Riek alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Kisha alisema kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba kadi yake bado ina watu watano. Mwaka huu chakula kimekatwa, watu wamegawanywa makundi, wengine hawapati tena chochote, na kundi lake linapata kidogo kwa sababu ni mjane mwenye watoto wengi. Wakijua mmoja wa wale watoto hayupo, hawatafuta mmoja. Watafunga kadi yote, wachunguze, na uchunguzi wa kambini hauna mwisho.

"Mi sikatai," alisema. "Ile kidole ni yako, chukua. Lakini ngoja Riek maliza mtihani. Mwezi ya kumi na moja. Akimaliza, mi mwenyewe naenda na wewe Lodwar, nasema ni mimi."

Ilikuwa mwezi wa pili. Nawoi alihesabu miezi, akaona inabebeka, kwa kuwa usajili mwingine usingekuja upesi hivyo. Akatoa mkono. Akaapa kwa kaburi la Ekal kwamba hatasema kitu mpaka mtihani uishe. Mama Riek aliushika ule mkono muda mrefu, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vidole, kisha akamwachia.

Nawoi alirudi kwenye mchanga wa Tarach. Zéphyrin alikuwa amesikia yaliyotokea, akamwambia asivunjike moyo, mwili ukilegea kuujenga upya ni kazi mara mbili. Akamwongezea mazoezi. Baada ya mbio alimketisha kando akamweleza mambo ya Uvira, jinsi alivyokuwa na wanafunzi waliokimbia hadi mashindano ya mkoa, na mmoja aliyekufa kwenye bonde la Ruzizi akiwa na viatu vya mwalimu wake miguuni. Nawoi alimpenda kama baba, maana hakumkumbuka vizuri baba yake halisi.

Mwezi wa sita redio ilitangaza kwamba kuna nafasi za wanawake ambazo hazikujaa pande zile za kaskazini, na usajili wa kuzijaza utakuwa mwezi wa tisa, Lodwar. Wenye umri, alama na kitambulisho.

Nawoi aliisikia habari ile akiwa anapima makaa kwa mteja. Alimaliza kupima. Kwa siku tatu hakwenda mazoezini. Alijiambia mambo mengi siku hizo: kwamba huenda wangefuta jina moja tu na kuiacha kadi, kwamba Mama Riek ni mtu mzima, atajieleza, kwamba akipata mshahara atawalisha yeye, tena vizuri kuliko rasheni, kwamba ahadi ilitolewa kabla ya redio. Angeweza kwenda kwa Mama Riek akamwambia haya yote. Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Hakwenda.

Siku ya nne alimwambia mama yake wavae waende Lodwar. Akiru aliuliza kama Mama Riek anajua. Nawoi akasema anajua. Mama yake alimtazama hadi Nawoi akaangalia pembeni, na hapo Akiru akajua, akainuka akachukua shuka yake.

Kwa wakili Akiru alisomewa kiapo kwa Kiturkana, neno kwa neno, na jina la mwenye kadi lilipotajwa aliinamisha kichwa.

"Yule mwanamke alitulisha miaka mitano," alisema. Halafu akanyoosha gumba. "Nionyeshe mahali pa kuweka."

* * *

Kadi ya Mama Riek ilifungwa wiki ya tatu ya mwezi wa saba. Alikwenda kwenye mgao kama kawaida, akaweka kidole chake, na mashine ikatoa taa nyekundu. Watu waliokuwa kwenye foleni walisema hakubishana. Aliuliza mara moja, akajibiwa, akakunja magunia yake matupu, akaondoka. Riek aliendelea na shule wiki mbili, akawa anazirai darasani, kisha akaonekana stendi akipakia mizigo kwenye malori ya Lokichoggio.

Nawoi alisikia haya yote kwa vipande, kwa wateja wa makaa. Alibadilisha njia asipite mtaa ule.

Kambini siri haina pa kulala, na wiki haikwisha kabla Zéphyrin hajajua nani alisema. Nawoi alipofika Tarach alfajiri moja alikuta vijana wamekwisha kuondoka, na mwalimu amekaa peke yake kwenye ukingo akimngoja. Nawoi alianza kujieleza. Zéphyrin alimwacha aseme yote, redio, mwezi wa tisa, mshahara, na hakumkatiza hata mara moja.

"Minaelewa," alisema mwishoni. "Lakini mi sitakufundisha tena, binti. Si hasira. Ninakuogopa."

"Mimi? Mwalimu, mimi siwezi kukufanyia kitu kibaya."

"Hapa kila mutu ana kitu kwenye kadi yake. Hata mimi. Ulikuwa unakunywa chai kwangu." Akasimama akapangusa mchanga kwenye suruali. "Kumbuka tu usifungue mbio haraka. Una tabia hiyo ukiwa na mawazo."

Nawoi alimalizia mazoezi peke yake, mbali, kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio ambako hakuna anayemjua. Alikimbia akijipima kwa saa ya mkononi, akaona anachelewa, dakika moja, kisha moja na nusu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakula zaidi ya zamani, kwa kuwa mama yake alikuwa anampa chakula chake na kusema ameshiba.

Kitambulisho kilitoka mwezi wa nane. Cornelius alilifuatilia faili lile kwa mkono wake zaidi ya ilivyo desturi, akampigia simu mwenyewe. Alipomkabidhi alimpongeza, akasema wengi husubiri hadi waote mvi. Nawoi aliisoma kadi ile ngumu: jina lake, jina la mama, mahali pa kuzaliwa. Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri.

Mwezi wa tisa alikimbia tena hadi daraja la Turkwel. Alifungua mbio haraka mno, akachoka kwenye kilomita ya tatu, akapitwa na wasichana wanne. Aliingia uwanjani wa tano, akatapika kando ya mstari. Nafasi zilikuwa sita. Sellah alimkumbuka, akafurahi kwa dhati, akamwambia aliyesubiri hatimaye amepata. Safari hii mezani hapakuwa na tatizo lolote, na kabla ya saa tisa Nawoi alikuwa na barua mkononi yenye orodha ya vitu vya kwenda navyo chuoni: sanduku la chuma, shuka mbili, viatu vya kukimbilia.

* * *

Siku mbili kabla ya kuondoka alijikaza akaenda mtaa wa Mama Riek. Alikuwa amebeba unga, sukari na mafuta ya kupikia, na alikuwa amepanga maneno. Alikuta mabati yameng'olewa. Kuta za matofali ya udongo zilikuwa zimesimama wazi, na mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, Josiane, alikuwa ameshatundika kamba ya nguo toka ukuta mmoja hadi mwingine.

Josiane alimpa maji ya kunywa, akamweleza bila kuulizwa sana. Mama Riek aliuza mabati, akauza kitanda, akawachukua wajukuu wakaenda Nadapal, wavuke mpaka warudi kwao. Watu walimwambia kwao bado si salama. Alijibu kwamba hapa pia anakufa, bora afe anakoelewa lugha. Riek alikataa kuvuka, akabaki na malori. Yule mjukuu mdogo alikuwa na kuhara wakiondoka, Josiane alisema, na tangu hapo hakuna simu, na namba ile haipatikani.

"Weye ni wa familia?" alimuuliza.

"Hapana," Nawoi alisema. "Nilikuwa nikiwaletea makaa."

Alimwachia Josiane ule unga na sukari na mafuta. Josiane alishangaa, akamshukuru sana, akamwombea Mungu ambariki katika kazi zake.

Nyumbani walikuwa wamekwisha kuchinja. Mjomba alikuwa ameleta mbuzi kutoka Lokori kwa ajili ya kumuaga, na ndugu walikuwa wamefika kutoka mbali, wengine kwa miguu, maana katika ukoo ule hakuna mtu aliyewahi kuvaa sare ya serikali. Wanawake walikuwa wakiimba jina lake. Akiru alikuwa amechuchumaa karibu na moto, kisu mkononi, akikata nyama na kuwagawia wageni.

Nawoi alichuchumaa kando yake. Mama yake alimuuliza kwa sauti ya chini kama amemkuta.

"Wamehama."

Akiru alikata vipande viwili zaidi, akavitia kwenye sahani ya mzee mmoja. "Wamekwenda upande gani?"

"Nadapal."

Mama aliweka kisu chini. Alijipangusa mikono kwenye shuka, polepole, mkono mmoja kisha wa pili, akainuka, akapita katikati ya waimbaji akaingia ndani, na hakutoka tena hadi wageni walipokwisha kuaga. Watu waliulizana kuna nini, mjomba akasema mama ana uchungu wa mwana anayeondoka, na wote wakakubali kwamba ndivyo. Nawoi alikichukua kile kisu akaendelea kukata, kwa sababu sahani bado zilikuwa zinakuja, na watu walikuwa wametoka mbali na walikuwa na njaa.